Kutoka Mzigo wa Mpagazi hadi Darubini ya Mwanafunzi

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wanafunzi mlioko madarasani hivi leo, kila tukutanapo tunakumbushana habari za mabweni, walimu na mpira. Safari hii naomba nizungumzie jambo lililomo katika historia ya Tabora, ingawa halisemwi sana: upimaji wa nyota, na sababu ya vyombo vyake kupita hapa bila kubaki.

Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, kituo cha wafanyabiashara Waarabu karibu na mahali ulipo mji wa Tabora. Mpimaji alikuwa Speke. Chombo chake kikuu kilikuwa sekstanti, ambayo baharia hupimia pembe kati ya nyota na upeo wa bahari. Huku bara hakuna upeo ulionyooka, kwa hiyo wapimaji walimimina zebaki katika sinia, ikatulia kama kioo, wakapima pembe kati ya nyota na taswira yake. Hesabu yake ndiyo iliyotoa latitudo. Julai 1858 Speke alishika njia ya kaskazini, upande iliko Lusu yetu, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa kubwa karibu na Mwanza.

David Livingstone naye alikaa Kwihara mwaka 1872 akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Mwaka uliofuata akafariki. Susi, Chuma na wenzao wakauchukua mwili wake kuelekea pwani, pamoja na karatasi na vyombo vyake. Oktoba 1873 walimkuta Kwihara Luteni Verney Lovett Cameron, naye akatwaa baadhi ya vyombo hivyo, akaendelea navyo hadi Ziwa Tanganyika.

Je, nani alivibeba vyombo vya misafara ile? Ni wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ramani na hesabu zilikwenda London. Aliyebeba sanduku alibaki na malipo ya safari. Si kwamba watu wetu hawakulijua anga. Wakulima waliifuata Kilimia, na walijua kwamba ikionekana mashariki jua linapozama, mwezi wa Novemba, mvua za huku zimekaribia. Kilichokosekana hakikuwa macho wala akili, bali chombo kilicho mali yao.

Hapo ndipo historia ya darubini inapotufaa, maana si historia ya matajiri peke yao. Isaac Newton aliunda kwa mikono yake darubini ya kioo mwaka 1668. William Herschel alikuwa mwanamuziki katika mji wa Bath. Alisubu na kung'arisha vioo vya madini nyumbani kwake, na tarehe 13 Machi 1781 akaigundua sayari ya Uranus kwa kioo chenye upana wa kama sentimeta 16. Katika miaka ya 1850 ikajulikana namna ya kupaka fedha juu ya kioo cha kawaida, na mwaka 1858 Mfaransa Léon Foucault akaeleza jinsi ya kukikagua kwa taa ndogo na ukingo wa kisu.

Kazi yenyewe ni ya subira. Chukua vioo viwili vinene vya mviringo, vyenye upana wa sentimeta 15. Kimoja kiweke chini, kingine kisuguliwe juu yake kwa maji na unga wa kusagia. Cha juu huchimbika katikati, cha chini huvimba. Ukitaka mwanga ukusanyike umbali wa sentimeta 120, kina cha katikati ni milimita 1.2 tu. Kisha hung'arishwa juu ya lami. Kikipakwa alumini, kioo hicho hukusanya mwanga zaidi ya mara 400 ya jicho. Bomba la bati na kitako cha mninga vyatosha kukibeba. Lakini jihadharini: kamwe msilitazame Jua kwa darubini isiyo na kichujio maalumu mbele yake, kwani macho yatapofuka.

Hatua ya pili ni kupiga picha. Mwezi na Mshtarii hunaswa hata kwa simu iliyoshikizwa kwenye lenzi ya jicho. Nyota hafifu zinahitaji kamera iachwe wazi kwa dakika kadhaa, na hapo huzuka taabu: Dunia huzunguka nyuzi 1 kila dakika 4, nyota zikatoka kama mistari. Dawa rahisi ni mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, kamera juu ya ubao wa juu. Skrubu ndefu yenye hatua ya milimita 1, iliyowekwa milimita 229 kutoka bawaba na kuzungushwa mara 1 kwa dakika, huufungua ubao kwa mwendo uleule wa anga.

Bawaba hiyo lazima ielekee ncha ya kusini ya anga. London mhimili wa namna hii huinuliwa nyuzi 51 hivi kuelekea kaskazini. Lusu ni kama nyuzi 4 tu kuelekea kusini, karibu ulale chini. Vitako vingi vya kununua vimeundwa kwa nchi za mbali na ikweta, na vingine haviwezi kuinamishwa kiasi hicho. Seremala wetu hana shida hiyo: hukata mbao zake kwa kipimo cha mahali alipo.

Wanafunzi, usiku wa kiangazi Njia Nyeupe hupita karibu na utosi wa Lusu, na giza la kijijini halinunuliwi. Nanyi wenzangu mlio na kazi na mishahara, vioo viwili na paketi chache za unga ni mchango unaowezekana. Wazee wetu walilipwa kwa kubeba vyombo vya wengine. Vijana hawa tuwape nafasi ya kuunda vyao, na hesabu zake zibaki katika madaftari yao wenyewe.