Besi Isiyo na Freti

Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa redio wa California, alitoa gitaa la besi la umeme akaliita Precision Bass, yaani besi ya usahihi. Jina lilikuwa ahadi. Kwenye ile besi kubwa ya kusimama, mpigaji huitafuta noti kwa kidole na sikio. Fender aliweka freti, zile nyaya za chuma zinazokatiza shingo ya gitaa, na sasa hata mwanafunzi akibonyeza nyuma ya waya hupata noti iliyonyooka.

Usahihi huo una gharama: freti humwamulia mpigaji noti zipi zipo na zipi hazipo.

Haikupita miaka mingi watu wakaanza kuzing'oa. Mwaka 1961, Uingereza, Bill Wyman, ambaye baadaye alijiunga na Rolling Stones, alizitoa freti chakavu za besi yake ya bei nafuu akikusudia kuweka mpya. Aliposikia mlio wake, akaiacha hivyo hivyo. Huko Marekani, Jaco Pastorius alikuwa na Fender Jazz Bass ya 1962. Alisimulia kwamba alizing'oa freti mwenyewe kwa kisu cha siagi, akaziba mifereji, kisha akapaka epoksi ya kukarabatia boti ili nyuzi zisiile mbao. Albamu yake ya 1976 inafunguliwa na "Donna Lee": besi hiyo na konga za Don Alias, basi. Hakuna ala nyingine ya kujificha nyuma yake.

Kila nikiisikiliza nakumbuka ala za kwetu. Udi hauna freti, wala fidla haina. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, ala hizo ndizo zilizomsindikiza. Jambo ambalo magitaa ya umeme yalilifikia kwa kisu na koleo, taarabu ilikuwa nalo siku zote.

Besi yangu niliipeleka kwa seremala wa mtaani. Aling'oa freti moja moja, akaziba mifereji kwa unga wa mbao na gundi. Kisha nikamwalika ami yangu, mpiga udi. Tulikaa mkekani, kinasa sauti katikati, bila karatasi wala mpango. Alianza kwa makamu ya Rast, ambayo noti yake ya tatu hukaa kati ya funguo mbili za piano. Freti za kawaida huiruka. Safari hii kidole changu kiliteleza hadi pale udi ulipokuwa, kikatulia.

"Mwanangu," alisema tuliporudia kusikiliza, "sasa gitaa lako lina masikio."

Katika taarabu ya kisasa, kinanda cha umeme kimeshika sehemu kubwa ya kazi ya okestra, na kwa kawaida kinapangwa kwa noti kumi na mbili. Mtoto aliyekulia kwenye noti hizo tu ataisikia ile ya ami kama kosa, kwa sababu rekodi ndizo zinazolifunza sikio lipi ni sawa. Ndiyo maana faili la siku ile sikulipitisha kwenye programu ya kunyoosha sauti. Programu hiyo nayo ina freti zake, ingawa hazionekani: ingeivuta ile noti hadi kwa jirani yake, na hakuna ambaye angejua kwamba iliwahi kupigwa.