Nguvu ya Ukumbini Ndani ya Nyumba

Msomaji, vyombo vingi vya kazi huishia kuwa vyombo vya nyumbani. Mfano mmoja ni amplifaya, yaani mtambo wa kukuza sauti.

Filamu zenye sauti zilipoenea Marekani baada ya mwaka 1927, kampuni ya Western Electric ilitengeneza amplifaya za kumbi za sinema. Baadhi yake zilikuwa na wati 8 tu. Lakini spika zake, zenye umbo la pembe kubwa, ziliweza kujaza ukumbi mzima. Miaka mingi baadaye wapenda muziki, hasa wa Japani, walizitafuta amplifaya hizo kuukuu wakaziweka nyumbani mwao.

Mwaka 1967 kampuni ya Crown, ya mji wa Elkhart, ilitoa DC300, amplifaya ya transista yenye wati 150 kila upande. Nayo ilitumika studioni na kumbini, kisha ikaingia sebuleni.

Je, nguvu hiyo ina faida? Ndiyo, kwa kiasi. Ngoma ipigwapo kwa ghafla, akiba ya nguvu huizuia sauti isikwaruze. Lakini ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu. Tena amplifaya nyingi za kazi hupozwa kwa feni: katikati ya umati haisikiki, bali chumbani huvuma na kuuharibu wimbo wa taratibu.

Basi, kabla hujauliza chombo kina nguvu kiasi gani, uliza kwanza kitatumika wapi.