Kijiji cha mifereji kipo hapa hapa Tengeru

Wiki hii sina umbea wa hosteli wala habari za bumu (ambalo halijaingia, kwa hiyo hakuna la kusimulia). Leo nimewaletea historia. Najua kuna wenzangu wameshaanza kupiga miayo, ila naomba mvumilie mpaka chini, maana jambo hili linatuhusu sana sisi tunaosomea ualimu.

Chanzo cha yote ni picha. Kuna picha za kijiji kimoja cha Uholanzi kinaitwa Giethoorn, zimezunguka sana kwenye simu za watu hapa chuoni Makumira. Nyumba za paa la nyasi, vidaraja vya mbao, maji yamepita katikati ya kijiji na watu wanatembelewa kwa boti badala ya gari. Kila anayeziona anasema eti "wenzetu wameendelea". Kilichonigusa mimi ni kitu kingine kabisa. Mifereji ile haikuchimbwa ili ipendeze. Wakulima wa pale walikuwa wanachimba udongo wa majani yaliyooza, wanaukausha na kuuchoma kama kuni, na mifereji ndiyo ilikuwa barabara ya kuusafirishia. Kwa hiyo kazi ilitangulia, uzuri ukaja baadaye sana, na watalii wakaja mwisho kabisa.

Basi nikajiuliza, hivi sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru tunakosa nini? Mifereji tunairuka kila siku tukienda kununua chapati! Tukakusanyana sita wa darasani, tukachanga, na Jumamosi tukapanda daladala hadi Tengeru. Mpango ulikuwa asubuhi mtumbwi na mwongozaji kwenye Ziwa Duluti, mchana miguu kwenye vijiji vya juu kufuata maji.

Tuanze na ziwa. Duluti ni shimo la volkano lililojaa maji, dogo tu, limezungukwa na msitu wa hifadhi. Ukiwa barabarani ya Moshi–Arusha huwezi hata kujua kama lipo. Tulivalishwa maboya, tukapewa makasia, wawili wawili kwa mtumbwi. Kaka mwongozaji alikuwa mtu wa hapo hapo, ana utani mwingi ila akishika historia hana mchezo. Tulimwona kenge mmoja mkubwa amejilaza kwenye mzizi, dada mmoja wa kundi letu nusura auhame mtumbwi. Tulipofika katikati mawingu yakafunguka kidogo na Meru ukaonekana wote, mita 4,566. Kaka akatuambia tuutazame vizuri, kwa sababu kila kitu tutakachokiona mchana kinatoka pale. Upande wa kusini wa mlima, yaani huu wetu, ndio unaopata mvua nyingi. Upande wa kaskazini ni mkavu. Udongo wa volkano una rutuba, na vijito vinashuka vingi, kimoja baada ya kingine. Aliyepata upande huu amepata ndizi. Aliyesukumiwa upande ule amepata vumbi. Hilo naomba mlikumbuke, tutalirudia.

Karibu na hapo hapo Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi. Wengi wetu tunapita bila kujua. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walifungua kambi Tengeru ya wakimbizi kutoka Poland, watu waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu Urusi ya Kisovieti, wakatoka kupitia Uajemi hadi huku kwetu. Walifika karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walijenga shule, kanisa na mashamba, wakaishi miaka kadhaa. Waliofia hapa wamezikwa hapa, makaburi kama 150 hivi. Niliposimama pale nikawaza kwamba ardhi hii imewahi kuwapokea watu waliofukuzwa kwao, na miaka michache baadaye wenyeji wa mlima huu huu wakafukuzwa kwao. Lakini nisiwahi mbele.

Mchana tukavuka barabara kuu tukaanza kupanda. Hapo ndipo kijiji chetu cha mifereji kinapoanza. Hakuna boti ndani yake, mfereji mwingi unauvuka kwa hatua moja. Ila upo kila mahali: unapita nyuma ya jiko la mtu, unakata njia, unaingia kwenye migomba, unatokea kwenye kahawa, unapotea chini ya ua wa jirani. Tuliongozana nao juu hadi mtoni, kwenye banio. Banio lenyewe lilikuwa mawe, magogo na udongo wenye majani, vimepangwa kuzuia sehemu ya mto ili maji mengine yageuke kuingia mferejini. Hakuna pampu wala injini. Siri yote ni mteremko. Mfereji ukiwa tambarare sana maji yanasimama na tope linajaa, ukiwa mkali sana maji yanachimba kingo na kubomoa. Aliyechimba ilibidi aupitishe ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo unaolingana, mbali kabisa, kwa macho na maji yenyewe ya kujaribia. Sisi wenye vikokotozi tungeweza?

Pale tulimkuta babu mmoja anazibua tope kwa jembe. Tukamwamkia, "Shikamoo babu," akaitika marahaba wajukuu zangu, akatuuliza tumetoka wapi. Tulipomwambia tumekuja kujifunza mfereji alicheka, akasema mfereji haujifunzwi kwa kuutazama, akampa mmoja wetu jembe. Tukapokezana. Huku tunachimba akatueleza utaratibu wao. Mfereji una mwenyekiti na kamati. Kila mwenye shamba ana zamu yake ya maji, kwa siku na kwa saa. Siku ya kusafisha wote wanatoka, na asiyetoka anapigwa faini. Anayeiba maji usiku anajulikana tu, kwa sababu wa chini yake ataamka asubuhi akute mfereji mkavu. Akamalizia kwamba ugomvi wa mpaka wa shamba unaweza kusubiri mwaka mzima, lakini ugomvi wa maji hausubiri jioni.

Sasa historia yenyewe. Wameru wamekaa upande huu wa mlima kwa zaidi ya miaka 300. Lugha yao iko karibu na Kichaga cha Machame, na kilimo chao cha migomba na mifereji kinafanana na cha Kilimanjaro. Waarusha walikuja baadaye, miaka ya 1830 hivi, kutoka Arusha Chini kusini ya Moshi, wakakaa upande wa kusini-magharibi, ambako ndiko kumekuwa juu ya jiji la leo. Hao wana lugha na rika za Kimasai lakini mikono ya wakulima, nao walitumia maji ya mlima vile vile. Watu hawa wawili walipigana sana, lakini wote waliishi kwa kanuni moja: unapanda juu, unafyeka msitu, unafungua shamba, unavuta maji.

Kisha wakaja Wajerumani. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Kisasi kilikuwa kikubwa, jeshi la Kapteni Johannes likapita Meru na Arusha, mifugo ikachukuliwa na migomba ikakatwa. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na Arusha. Mwaka huo huo wa 1900 boma la Arusha likawa limesimama, ndilo hilo leo ni makumbusho. Baada ya hapo walowezi wakagawiwa ardhi ya chini ya mlima, shamba kwa shamba, mpaka wenyeji wakawa wamezungukwa. Wanahistoria wameuita mzunguko huo pete ya chuma. Juu kuna msitu wa serikali huruhusiwi kupanda, chini kuna shamba la mzungu huruhusiwi kushuka. Watoto wanazaliwa, ng'ombe wanazaliana, ardhi ni ile ile. Na maji yale yale ya mto sasa yanagombewa na wa juu mwenye migomba na mlowezi wa chini mwenye kahawa na katani.

Kilele chake ni Engare Nanyuki. Huko ni upande ule mkavu niliowaambia mkumbuke. Wameru walikuwa wamepata nafasi ya kupumua huko, nje ya pete. Mwaka 1947 ripoti ya Jaji Wilson ikapendekeza ardhi igawanywe upya, na Novemba 1951 serikali ya Waingereza ikawaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kupisha ufugaji wa walowezi. Nyumba zikachomwa. Wakaambiwa wahamie Kingori, wakakataa. Wengi wakarudi kujibana kwa ndugu mlimani, kwenye mifereji hii hii tuliyokuwa tunaizibua. Wakachangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet akiwa na mwanasheria Earle Seaton hadi Umoja wa Mataifa, New York. Alikuwa Mtanganyika wa kwanza kusimama pale na kuishitaki serikali iliyokuwa inatutawala. TANU ilikuwa haijazaliwa, ilizaliwa 1954. Nyerere alikwenda UN 1955. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini nchi nzima ilisikia.

Kuna wadau wataniuliza mbona unachanganya ardhi na mifereji. Jibu ni kwamba huku ni kitu kimoja. Shamba bila maji ni kiwanja tu. Na mfereji ni ushahidi, mtu hawezi kukuambia kwamba ardhi ilikuwa tupu wakati maji yameshapitishwa na babu zako.

Hata hivyo Meru si mwanzo. Mkoani kwetu hapa hapa kuna Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kaskazini ya Mto wa Mbu. Kuanzia karne ya 15 hivi mpaka ya 18 kulikuwa na wakulima waliopanga mawe kujenga matuta na mifereji kwenye eneo la hekta karibu 2,000, mahali ambapo mvua pekee haitoshi. Louis Leakey alifika 1935 akakadiria walikuwa watu zaidi ya 30,000, waliochimba baada yake wakaipunguza sana hesabu hiyo. Mpaka leo wanabishana kwa nini waliondoka. Lakini mawe yapo, mifereji ipo, na hakuna mgeni aliyewachorea ramani.

Na baada ya uhuru mambo yakawaje? Sheria Na. 42 ya 1974 ilisema maji yote ni mali ya Jamhuri, na anayetaka kuyatumia aombe haki. Mwaka 1991 ikaanzishwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani, kwa sababu maji ya vijito hivi hayaishii Tengeru: yanaingia Kikuletwa, yanakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, yanashuka Mto Pangani, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, ndipo yanaingia baharini. Sheria Na. 11 ya 2009 ikaleta vibali na jumuiya za watumia maji. Kwa hiyo yule babu na jembe lake ana majirani asiowajua: mkulima wa tambarare, mtu wa Arusha mjini anayefungua bomba, na mtu anayewasha taa Tanga. Siwezi kusema wao hawana haki. Ila ninachosema ni kwamba kikao cha kugawa maji kikikaa, babu asiingie kama mharibifu wa mto. Aingie kama fundi, na kama mtu ambaye ukoo wake umetunza utaratibu wa zamu tangu kabla ya boma la Arusha.

Hapa ndipo sisi walimu watarajiwa tunapoingia. Muhula ujao wengi tunakwenda TP. Utasimama mbele ya kidato cha pili ufundishe kilimo cha umwagiliaji, na kitabu kitakupeleka Misri na Mto Naili. Sawa, Misri ifundishwe. Lakini mwanafunzi aliyeruka mfereji asubuhi akija shule anatakiwa ajue kwamba kile alichokiruka ni historia, kina sheria zake, kina mashujaa wake na kesi yake iliyofika New York. Mpeleke nje dakika arobaini. Mwambie aulize nyumbani nani mwenyekiti wa mfereji na zamu yao ni lini. Hiyo ni kazi ya nyumbani isiyohitaji projekta.

Giethoorn ni pazuri, siku nikipata nauli nitakwenda. Ila nauli ya Tengeru ipo hata bumu lisipoingia. Anayetaka kwenda Jumamosi ijayo aniambie mapema, avae viatu vya kukanyagia tope, na akimkuta babu asishangae kupewa jembe.

Haya wapendwa, naomba kuwasilisha. Usiku mwema!