Dhana mgando na mrembo wa nywele za dhahabu

Anayeandika kuhusu jinsia kwa Kiswahili hukutana na neno stiriotaipu mapema sana, na mara nyingi hulitafsiri kuwa "dhana potofu" kisha akasonga mbele. Magazeti yameizoea tafsiri hiyo, na semina zimeizoea vilevile. Mimi naona inatuangusha, na inatuangusha wazi zaidi tunapozungumzia filamu za Marekani zenye yule mrembo wa nywele za dhahabu anayedhaniwa hana akili. Istilahi inayomfaa ni dhana mgando.

Stiriotaipu lilikuwa neno la wachapaji wa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Badala ya kupanga upya herufi moja moja kila kitabu kilipohitajika tena, walichukua umbo la ukurasa mzima uliokwisha kupangwa, wakamimina madini yaliyoyeyushwa, yakaganda, wakapata bamba moja. Bamba hilo lilichapa ukurasa uleule maelfu ya mara bila mtu kugusa herufi. Mwaka 1922 mwandishi wa habari wa Marekani, Walter Lippmann, alilitumia neno hilo katika kitabu chake kuhusu maoni ya umma, akimaanisha picha za watu tunazokuwa nazo kichwani hata kabla hatujawaona wenyewe.

Hakuna popote katika asili hiyo panaposema picha ni ya uongo. Kinachosemwa ni kwamba imekwisha kuganda na inajirudia. "Potofu" ni hukumu juu ya ukweli, na anayelisoma neno hilo hudhani kwamba mtu akishapewa ukweli atapona. Ukweli umetolewa. Mwaka 2016 mchumi Jay Zagorsky wa Chuo Kikuu cha Ohio State alichapisha matokeo ya kupitia takwimu za utafiti mkubwa wa kitaifa wa Marekani. Wanawake weupe waliosema nywele zao za asili ni za dhahabu walikuwa na wastani wa alama 103.2 katika kipimo cha akili. Wenye nywele za kahawia walipata 102.7, wenye nyekundu 101.2, wenye nyeusi 100.5. Tofauti ni ndogo kiasi cha kutojenga hoja yoyote. Upotofu umeonyeshwa kwa tarakimu, na vichekesho bado vinasimuliwa, kwa sababu tangu mwanzo havikusimama juu ya ushahidi.

"Mgando" tunaujua wote kwenye maziwa. Kilichoganda kilikuwa kimiminika, kilikuwa na hali nyingine kabla ya hiyo. Kwa hiyo istilahi hii inatulazimisha kuuliza: huyu mrembo aliganda lini, na kabla ya hapo alikuwaje?

Alikuwa mjanja. Mwaka 1925 Anita Loos, mwandishi wa filamu mwenye nywele nyeusi na kimo kifupi, alitoa riwaya ya Gentlemen Prefer Blondes. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wazo lilimjia ndani ya treni, alipowaona wanaume wakigombania kumwokotea kitabu mwanamke wa nywele za dhahabu, huku yeye akihangaika na masanduku yake bila wa kumsaidia. Riwaya ameiandika kama shajara ya Lorelei Lee, msichana kutoka Little Rock, Arkansas. Tahajia yake ni mbovu, na maoni yake kuhusu Ulaya yanachekesha. Lakini ukurasa baada ya ukurasa ni wanaume wanaofungua pochi, na ni yeye anayeondoka na almasi. Msomaji makini hawezi kumaliza kitabu kile akiamini kwamba mjinga ni Lorelei.

Filamu ya mwaka 1953, iliyoongozwa na Howard Hawks, ilimpa Lorelei sura ya Marilyn Monroe, ambaye nywele zake za asili zilikuwa za kahawia. Rafiki yake Dorothy, mwenye nywele nyeusi, aliigizwa na Jane Russell. Naomba msomaji atulie kidogo kwenye tukio la mahakamani, Paris. Lorelei anatuhumiwa kuhusu taji la almasi, na Dorothy ndiye anayekwenda mahakamani badala yake. Amevaa wigi la dhahabu na koti la manyoya. Analainisha sauti, anapepesa macho, anaongea kama mtu aliyepotea njia, na mahakama inamchukulia kuwa ndiye Lorelei. Kumbe unachohitaji ni wigi. Uzuzu ule haumo ndani ya mtu. Ni vazi linaloning'inia tayari, na yeyote atakayelivaa atapokewa kwa jinsi lilivyokwisha kuzoeleka. Sijaona maelezo ya kitaalamu yanayoifafanua dhana mgando vizuri kuliko dakika zile chache.

Baadaye Lorelei halisi anazungumza na baba wa mchumba wake, tajiri aliyekuja kuzuia ndoa. Anamwambia waziwazi kwamba hamtaki kijana kwa ajili ya pesa za kijana, anamtaka kwa ajili ya pesa za baba. Mzee anashangaa: aliambiwa msichana huyu hana akili. Lorelei anamjibu kwamba akili anayo pale inapohitajika, ila wanaume wengi hawaipendi.

Sasa ganda lilitoka wapi, ikiwa kitabu na filamu vyote vilimwonyesha mjanja? Lilitoka kwenye kurudiarudia. Mwigizaji Jean Harlow alikuwa amekwisha kuupa mtindo wa nywele hizo jina kwa filamu ya Platinum Blonde ya mwaka 1931, enzi za picha za rangi nyeusi na nyeupe, ambapo nywele zilizopaushwa kwa dawa na kumulikwa kwa nyuma zilimzunguka mwigizaji kama mwanga. Studio ikishaona kitu kinauza tiketi, hukipiga chapa tena. Monroe alichoka kupewa mhusika yuleyule. Mwishoni mwa 1954 alihamia New York, akaanzisha kampuni yake ya filamu na mpiga picha Milton Greene, akaenda kusomea uigizaji kwa Lee Strasberg. Vitabu vyake, takriban 400, viliuzwa kwenye mnada wa Christie's mwaka 1999, na wapo walioshangaa kusikia kwamba alikuwa msomaji.

Mwigizaji Judy Holliday aliutumia mgando huo kama ngao. Katika Born Yesterday ya mwaka 1950, iliyompa tuzo ya Oscar, aliigiza Billie Dawn, mpenzi wa tajiri wa vyuma chakavu anayemwita mjinga mbele za watu. Katika tukio moja wawili hao wanacheza karata. Billie anapanga zake haraka, anaimba kwa sauti ya chini, anamfunga. Wanagawa tena, anamfunga tena. Tajiri anakasirika na bado haoni kilicho mezani mbele yake. Mwaka 1952 Holliday aliitwa mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Aliwajibu kwa namna ileile ya Billie, akizungukazunguka kama asiyeelewa, na hakumtaja hata mtu mmoja.

Upande wa pili wa mrembo huyu wa nywele za dhahabu yupo msichana wa nywele nyeusi na miwani, ambaye nitampitia upesi. Katika The Big Sleep ya 1946, muuza vitabu anavua miwani na kufungua nywele, ndipo mpelelezi anamwona kuwa mzuri. Ganda ni moja: akili na uzuri haviruhusiwi kukaa kichwa kimoja.

Legally Blonde ya mwaka 2001 ndiyo iliyojaribu kuliyeyusha ganda hilo. Mhusika wake mkuu, Elle Woods, anapata alama 179 kati ya 180 kwenye mtihani wa kujiunga na shule ya sheria, na anashinda kesi ya mauaji kwa jambo la saluni: shahidi anadai alikuwa akioga, ilhali siku ileile alitia nywele dawa ya mawimbi, na nywele za dawa hiyo hazilowanishwi saa 24 za mwanzo. Wapo wanaosema filamu imemrudisha mwanamke kwenye kioo. Sikubaliani nao. Kwetu, waliokulia enzi za kalikiti wanajua kwamba dawa ya nywele ina saa zake, na msusi asiyezijua anaharibu kichwa cha mtu. Hiyo ni elimu, na filamu imeipa heshima mbele ya jaji.

Limebaki suala la kumtaja mhusika mwenyewe. Kiswahili kimezoea kuzitofautisha nywele kwa umbile, za singa na za kipilipili, kuliko kwa rangi. Pale rangi ni sehemu ya hoja, tuseme zuzu wa nywele za dhahabu. Pale hoja ni uzuri kuchukuliwa kama dalili ya ujinga, mrembo zuzu inatosha, na inamfaa pia yule dada wa filamu zetu ambaye wigi refu na kucha za bandia hututangazia tabia yake kabla hajafungua mdomo. Na dhana mgando inatupa vitenzi vya kufanyia kazi: mwandishi wa skripti humgandisha mhusika, studio humgandisha mwigizaji, na mchambuzi anaweza kuonyesha ni katika tukio gani mhusika huyo aliyeyuka.