Mkwaruzo wa redio: miaka 90 tangu maabara za Bell zichapishe vipimo vya kelele za kaboni

Manyovu, Buhigwe. Redio ya betri ikikwaruza unapozungusha kitufe cha sauti, fundi wa hapa mpakani husema voliyumu imekwisha. Anasema kweli. Ndani ya kitufe kile mna utepe wa unga wa kaboni ulioshikwa na resini, na umesagika kwa kuzungushwa. Mwaka 2026 inatimia miaka 90 tangu C. J. Christensen na G. L. Pearson wa maabara za Bell, Marekani, wachapishe vipimo vya kelele za kaboni ya chembechembe.

Kisa cha kaboni kilianza na simu, tena kwa ugomvi. Mwaka 1878, jijini London, David Hughes alionyesha kuwa vipande vya makaa vilivyogusana kwa ulegevu hubadili mkondo wa umeme kufuata sauti. Hakutaka hataza, aliuachia ulimwengu maikrofoni yake. Thomas Edison akaja juu. Alikuwa amekwisha kumpa habari za simu yake ya kaboni William Preece, mhandisi wa Posta ya Uingereza na rafiki wa Hughes, hivyo akawatuhumu wote wawili magazetini kwa wizi. Mwanafizikia William Thomson aliandika katika jarida la Nature kuwatetea. Huko Marekani, hataza ya maikrofoni ya Emile Berliner, aliyetangulia kuwasilisha dai mwaka 1877, ilifikishwa hadi Mahakama ya Juu, ikapona mwaka 1897.

Waligombea hataza. Mvumo wa kaboni, yaani kelele zake, ulichunguzwa baadaye: mwaka 1936 Christensen na Pearson walionyesha kuwa huzidi mkondo unapozidi, na huwa mkubwa kwenye masafa ya chini. Chanzo chake ni migusano ya chembe, ambayo ukinzani wake hautulii.

Mwaka 1957 watafiti Broadbent na Hammersley walitoa hesabu iliyokuja kueleza njia za umeme katika michanganyiko ya chembe za kaboni na plastiki. Chembe zikiwa chache, plastiki haipitishi umeme. Zikifikia kiwango fulani, njia hufunguka. Hapo mwanzoni njia ni chache, mkondo wote hubanana humo, na kelele hupanda.

Leo rezista nyingi, yaani vipande vya kukinza mkondo, ni za utando badala ya chembe, tena tulivu. Lakini elimu ya kaboni na kelele zake ilipita mikononi mwa mafundi wetu, waliozifanya redio zisikike Kasulu na Kibondo, na hakuna anayewaandika. Nchi yenye madini ya kaboni Mahenge na Ruangwa haifai kuiacha ipotee. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA viwaite mafundi hawa wafundishe wangali na nguvu.