Bibi Edna Adan na Hospitali ya Wazazi ya Hargeisa

Katika dini ya Kiislamu mwanamke afaye kwa uzazi huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Utukufu huo ni faraja kwa waliofiwa, lakini hauwaondolei walio hai wajibu wa kumwokoa mama ambaye angaliweza kuokolewa. Habari za Bibi Edna Adan Ismail wa Hargeisa, katika Somaliland, zastahili kukumbukwa kwa sababu ya wajibu huo.

Bibi Edna alizaliwa Hargeisa mwaka wa 1937, nchi ile ilipokuwa chini ya himaya ya Waingereza. Baba yake, Adan Ismail, alikuwa tabibu aliyesifika kwa huruma, na binti alizoea kumsaidia hospitalini. Kwa kuwa hapakuwa na shule ya wasichana nchini, alipelekwa Jibuti kusoma. Mwaka wa 1954 alikwenda Uingereza, akajifunza uuguzi na ukunga, na aliporejea kwao mwaka wa 1961 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kisomali kuhitimu elimu hiyo.

Katika kazi yake alikutana kila mara na msiba uliompata yeye mwenyewe utotoni, yaani tohara ya wanawake iitwayo ya Kifirauni. Msichana hukatwa kisha hushonwa, na kovu linalobaki halitanuki siku ya kuzaa. Utungu hurefuka, mama huchanika na kutokwa na damu nyingi, na mtoto huweza kukosa pumzi. Mwaka wa 1976 Bibi Edna alilisema jambo hili hadharani mjini Mogadishu, wakati ambapo hata kulitaja kulikuwa ni aibu. Alishikilia ya kwamba desturi hiyo ni ya kale kuliko Uislamu, wala haikuamrishwa katika Kurani.

Mwaka wa 1988 Hargeisa ulipigwa mabomu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mahospitali yakabaki magofu. Waganga na wakunga wengi walikufa au walikimbia. Bibi Edna, aliyekuwa akilitumikia Shirika la Afya la Ulimwengu, alistaafu mwaka wa 1997 akarudi kwao. Aliuza mali yake, akatumia na malipo yake ya uzeeni, akaanza kujenga hospitali mahali palipokuwa jaa la taka, ambapo zamani watu waliuawa kwa amri ya serikali. Fedha zilikwisha kabla ya paa kuezekwa. Habari zake zilipochapwa katika gazeti la New York, wasomaji wa Marekani walichanga, na kazi ikaendelea. Hospitali ilifunguliwa tarehe 9 Machi, 2002.

Kwa kuwa kuta peke yake hazizalishi mtu, mafunzo ya wauguzi yalianza mwaka wa 2000, kabla ya milango kufunguliwa. Hospitali haitafuti faida: mwenye uwezo hulipa kidogo, na maskini harudishwi. Tena wanawake wengi huzalia majumbani, mbali na barabara, basi mkunga mwenye elimu akiwapo kijijini huitambua hatari mapema na kumpeleka mgonjwa mjini angali hai. Kwa ajili hiyo Bibi Edna alikusudia kufundisha wakunga 1,000.

Mwezi wa Februari, 2018, Wizara ya Dini ya Somaliland ilitoa fatwa ya kuharimisha tohara ya Kifirauni. Namna nyepesi hazikukatazwa, kwa hiyo kazi haikwisha. Lakini neno lililokuwa aibu mwaka wa 1976 sasa lilisemwa na wanazuoni wenyewe. Mwaka wa 2023 Bibi Edna alipewa Tuzo ya Templeton.

Jamii isiyo na mali nyingi yaweza kujifunza hapa ya kwamba mwanzo wa hospitali ni binti mmoja aliyesomeshwa. Anayemlipia binti yake karo leo huenda akawa amemwokoa mama asiyemjua kesho. Mwenyezi Mungu awajaalie wazazi wote salama, na awalipe kheri wanaowahudumia. Amin.