Bobkati

Bobkati, kwa jina la kisayansi Lynx rufus, ni mnyama mbuai wa familia ya paka anayeishi Amerika ya Kaskazini, kuanzia kusini mwa Kanada hadi Meksiko. Wengi wana uzito wa kilogramu 6 hadi 18, na dume humzidi jike. Manyoya yake ni ya kahawia nyekundu au kijivu yenye madoa, na ncha za masikio zina vishungi vifupi vyeusi.

Jina limetokana na mkia, ambao ni mfupi kama uliokatwa. Mkia huohuo ndio humtofautisha na linksi wa Kanada: ncha ya bobkati ni nyeusi juu na nyeupe chini, ya mwenzake ni nyeusi kotekote.

Chakula chake kikuu ni sungura. Hunyemelea kimyakimya, kisha huruka ghafla. Huwinda zaidi alfajiri na magharibi. Akiua paa mkubwa asiyemalizika kwa mlo mmoja, humfunika kwa majani au theluji na kumrudia baadaye. Jike hulea peke yake, kwa kawaida watoto 2 hadi 4.

Huishi msituni, jangwani, kwenye vinamasi vya Florida, hata pembezoni mwa miji. Hayumo hatarini kutoweka, ingawa bado huwindwa kwa ajili ya ngozi yake katika majimbo mengi ya Marekani.